Kabla ya kukata ekzosi ya Fuso, kumbuka mteremko wa Kitonga

MSIMU wa kuvuna viazi unapokaribia katika Nyanda za Juu Kusini, gereji za Makambako na Njombe hupokea Fuso zinazoandaliwa kwa safari za Dar es Salaam. Kazi kubwa ni zile zile za kila mwaka. Lainingi za breki hubadilishwa, majani ya springi yaliyovunjika hutolewa, na mbao za bodi zilizooza hung'olewa. Kati ya kazi hizo ipo moja ambayo mwenye gari huilipia kwa moyo mweupe kwa sababu matokeo yake huonekana siku ile ile. Ni ile ambayo mafundi huiita kufungua ekzosi.

Kufungua ekzosi maana yake ni kuondoa bomba la moshi lililokuja na gari pamoja na sailensa yake, kisha kuchomelea bomba nene zaidi lililonyooka. Mwenye gari huelezwa kwamba moshi ukitoka kwa wepesi injini itapumua, gari litapanda kwa gia namba nne mahali lilipokuwa likipanda kwa namba tatu, na dizeli itapungua. Mara nyingi, baada ya kazi hiyo, gari huvuta kweli. Mwenye mali hulipa, hushukuru, na habari huvuma hadi kwa wenzake wanaoegesha malori sokoni.

Swali ambalo huwa haulizi ni kwa nini limevuta. Jibu lake ndilo linaloamua kama fedha ile imetumika vizuri au imepotea. Na kwa gari linaloshuka Kitonga likiwa na tani 10 za viazi, jibu hilo linaweza kuamua mambo mazito kuliko fedha.

Ili kulielewa jambo hili ni vema kuanza na injini yenyewe. Fuso nyingi aina ya Fighter zinazobeba mazao zilitengenezwa miaka ya 1990, zikiwa na injini ya 6D16 yenye ukubwa wa lita 7.5 au 6D17 yenye lita 8.2, na nyingi kati yake hazina tabo. Injini ya lita 8.2 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta karibu lita 9,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Hewa hiyo ikishachanganyika na dizeli na kuungua hupata joto kali na kutanuka hadi zaidi ya mara mbili ya ujazo wake wa awali. Yote hiyo lazima ipite kwenye bomba moja lenye upana wa inchi chache, izunguke ndani ya sailensa, kisha itoke nje.

Bomba likiwa jembamba, au likiwa na kona nyingi kali, moshi husukumana na kurudisha presha nyuma kwenye injini. Pistoni hulazimika kutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma moshi badala ya kuzungusha magurudumu. Hadi hapo fundi yuko sahihi kabisa, na wala hakuna mhandisi atakayempinga.

Tatizo liko kwenye kiasi. Waundaji wa injini huweka kikomo cha presha hiyo ya nyuma, na kwa injini nyingi za dizeli za kizazi hicho, zisizo na vichujio vya moshi, kikomo ni kilopaskali 10 hivi au chini yake. Ekzosi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima huwa ndani ya kikomo hicho. Tuseme bomba jipya limepunguza presha kwa kilopaskali 5, ambazo si haba. Presha ya wastani inayofanya kazi juu ya pistoni za injini isiyo na tabo, gari likivuta kwa nguvu zote, ni kama kilopaskali 800. Ukigawanya 5 kwa 800 unapata faida isiyofika asilimia 1. Kwenye injini yenye tabo faida huwa kubwa kidogo, kwa kuwa tabo huzungushwa na moshi wenyewe na hupenda kuona njia wazi mbele yake, lakini hata huko mtu asitarajie miujiza.

Dereva hawezi kuihisi asilimia 1 kwenye usukani. Kwa hiyo gari lililotoka gereji likivuta kwa namna ambayo kila mtu anaiona, ni wazi kwamba lilikuwa na ugonjwa kabla ya kuingia, na bomba jipya limeuondoa ugonjwa huo bila mtu kujua ulikuwa upi.

Kisahani kilichoganda

Ugonjwa huo, kwa malori ya Kijapani, mara nyingi huwa ni mmoja. Ndani ya bomba la ekzosi, karibu na injini, kuna kisahani cha chuma cha duara kinachozunguka kwenye mhimili mdogo. Gari likienda kawaida kisahani hulala sambamba na moshi, na moshi hupita bila kuzuiwa. Dereva akivuta kijiti kilicho kando ya usukani, silinda ndogo ya hewa hukisimamisha kisahani na kuliziba bomba, huku dizeli ikikatwa. Injini hugeuka kuwa kama pampu ya kujaza upepo: magurudumu yanaisukuma, nayo inakataa. Hiyo ndiyo breki ya ekzosi.

Kisahani hicho huishi ndani ya masizi na joto. Gari likikaa muda mrefu bila dereva kuitumia breki hiyo, au mhimili ukishika kutu, kisahani huganda. Kikiganda kikiwa wazi, breki ya ekzosi hufa na gari huendelea kuvuta kama kawaida. Kikiganda nusu, injini hukabwa koo saa zote. Gari hukosa nguvu mlimani, hutoa moshi mweusi, hunywa dizeli na kupandisha joto. Dalili zote hizo ndizo mwenye gari huzieleza anapofika gereji.

Fundi mwenye haraka hukata kipande chote cha bomba, kisahani kikiwemo, na kuweka bomba lililonyooka. Gari linavuta papo hapo. Sifa zinakwenda kwa bomba nene. Ukweli ni kwamba kazi ya saa mbili ya kukifungua kisahani, kukisafisha masizi, kubadilisha bushi za mhimili wake na kuiangalia silinda ya hewa ingeleta nafuu ile ile, na gari lingebaki na breki yake.

Hapa ndipo jiografia ya biashara ya mazao inapoingia. Njombe iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na soko kubwa la viazi vyake liko Dar es Salaam, ufukweni. Lori la mazao hushuka likiwa limejaa. Linaporudi juu hubeba saruji, mbolea au bidhaa za dukani, na siku nyingine hurudi tupu. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara wa mazao anayelipia nguvu za kupanda analipia safari ya kurudi. Safari inayobeba mtaji wake inahitaji zaidi uwezo wa kuzuia gari kuliko uwezo wa kulivuta.

Kutoka Iringa, baada ya kupita Ilula, barabara kuu ya Tanzania na Zambia hudondoka kwenye kona za Kitonga hadi Mahenge, kabla ya kufika kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Fuso yenye mzigo wa tani 10 ina uzito wa tani 16 hivi kwa jumla. (Kama magunia ni ya lumbesa, tani 10 hizo ni za kwenye karatasi tu.) Kila mita 100 ambazo gari hilo linashuka kwenda chini huzalisha nguvu ambayo, hata ukiondoa ile inayoliwa na matairi na upepo, inatosha kuchemsha karibu ndoo mbili za maji za lita 20. Kitonga si mita 100. Joto lote hilo lazima liende mahali.

Dereva mwenye breki ya ekzosi inayofanya kazi, akiwa kwenye gia nzito, hulipeleka joto kubwa kwenye injini, nayo hulitoa kupitia rejeta na bomba la moshi. Kisahani kikifunga, presha ndani ya ekzosi hupanda hadi psi 40 au hata 60, na hiyo ndiyo inayoshika gari. Dereva asiye nayo hukanyaga pedali. Joto huingia kwenye madramu na lainingi, madramu hutanuka, lainingi hutoa harufu, na breki iliyoshika vizuri kwenye kona ya kwanza hushika nusu kwenye kona ya nne. Wanaosafiri njia hiyo wanaijua harufu hiyo. Wanajua pia inavyoishia pale dereva anapoweka nyutro kwa kudhani anaokoa dizeli.

Ni jambo la kushangaza kwamba mtu anayelipa bima ya gari, ushuru wa mazao na gharama za mizani bila kukosa, hukubali kifaa cha namna hii kikatwe na kutupwa kwenye rundo la vyuma chakavu ili apate faida isiyofika asilimia 1.

Hesabu ya dizeli

Tufanye hesabu kwa mfano. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Njombe na Dar es Salaam ni kilometa 1,400 hivi. Tuseme gari linakwenda kilometa 3.5 kwa lita, hivyo linatumia lita 400. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa kila mwezi na EWURA na hubadilika, kwa hiyo tuchukue shilingi 2,800 kwa lita kwa ajili ya mfano tu; msomaji aweke bei ya siku yake. Dizeli ya safari nzima inagharimu shilingi 1,120,000.

Asilimia 1 ya dizeli hiyo ni lita 4, yaani shilingi 11,200. Kama kazi ya kuweka bomba jipya na kuchomelea imegharimu shilingi 600,000, zinahitajika safari 54 kuirudisha fedha hiyo. Kwa gari linalofanya safari tatu kwa mwezi, hiyo ni miezi 18, bila kuhesabu miezi ambayo hakuna viazi na gari limelala. Mkulima akiletewa mbegu yenye faida ya namna hiyo hatainunua.

Sasa tuchukue gari lile lile, lakini ambalo lilikuwa linakwenda kilometa 3 kwa lita kwa sababu lina kasoro. Lilikuwa linatumia lita 467. Kasoro zikirekebishwa na likarudi kwenye kilometa 3.5, linaokoa lita 67 kwa safari, sawa na shilingi 187,600. Kwenye shehena ya magunia 100 hiyo ni karibu shilingi 1,880 kwa kila gunia. Kazi ya shilingi 600,000 hapa inajilipa ndani ya safari nne.

Tofauti ya hesabu hizi mbili ndiyo kiini cha suala zima. Ekzosi nzima ikipanuliwa hurudisha kidogo sana. Ekzosi mbovu, au injini mbovu inayoisingizia ekzosi, ikitengenezwa hurudisha kingi. Kazi ya mwenye gari ni kujua yake iko upande upi kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Na mkulima? Kinadharia, gharama ya usafiri ikipungua kwa shilingi 1,880 kwa gunia, bei ya shambani inaweza kupanda kwa kiasi hicho, maana bei ya shambani ni ile ya sokoni Dar es Salaam baada ya kutoa gharama zote za njiani. Kwa vitendo, wakati wa mavuno mengi malori huwa machache kuliko mzigo, na mwenye lori ndiye anayepanga nauli. Akiba hiyo itabaki kwake. Itamfikia mkulima pale tu malori yatakapokuwa yakigombea mzigo, au pale kikundi cha wakulima kitakapokuwa na gari lake chenyewe. Ni vema kulisema hili waziwazi, kwa sababu mipango mingi ya kupunguza gharama za usafiri huandikwa kana kwamba akiba inatembea yenyewe hadi shambani.

Kupima kabla ya kukata

Kipimo cha presha ya nyuma hakihitaji mashine kutoka ng'ambo. Kilopaskali 10 ni sawa na maji yenye kina cha mita 1, au psi 1.5 kwa lugha ya geji. Fundi hutoboa tundu dogo kwenye bomba, mbele ya sailensa, na kuchomelea nati. Kwenye nati hiyo hufunga kijibomba cha chuma chenye urefu wa kutosha ili joto lipungue, na mwisho wake huunganisha mpira mwembamba unaoonyesha, ule ule ambao mwashi huutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Mpira hukunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Injini ikiunguruma, maji upande mmoja hushuka na upande wa pili hupanda. Tofauti ya kimo kati ya pande hizo mbili ikizidi mita 1, ekzosi inakaba. Ikiwa ni nusu mita, bomba halina kosa na tatizo litafutwe kwingine. Baada ya kipimo nati huzibwa kwa bolti.

Kwa injini isiyo na tabo, kuivutia mafuta hadi mwisho gari likiwa limesimama hutoa picha ya kutosha kuanzia. Injini yenye tabo lazima ipimwe gari likiwa na mzigo na likipanda, kwa geji na si kwa mpira, kwa kuwa tabo haiamki sawasawa bila mzigo.

Wapo watakaoona huo ni usumbufu. Lakini mfanyabiashara huyo huyo hakubali kununua gunia bila kulinyanyua.

Kipimo kikionyesha kuna mkabo, kisahani cha breki ndicho cha kwanza kukaguliwa. Cha pili ni sailensa. Ndani yake kuna vibati na mabomba yenye matundu, na vibati hivyo huoza na kuanguka vikaziba njia. Sailensa ikigongwa kwa nyundo ya mbao na kusikika vitu vinacheza ndani, imekwisha. Ibadilishwe na nyingine ya ukubwa ule ule au unaokaribia. Bomba lililobonyezwa na jiwe nalo hukaba, na hilo huonekana kwa macho.

Kipimo kikiwa kizuri na moshi bado ni mweusi, kosa liko kwenye hewa au dizeli. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha kuungua. Imenunuliwa, imebebwa, imetupwa. Chujio la hewa, au eaklina, ndilo la kwanza kushukiwa, hasa kwa magari yanayoingia mashambani kiangazi. Hufuata nozeli zinazotiririsha badala ya kupuliza, kisha tapeti na taimingi ya pampu. Kwa wenye magari yasiyo na tabo wa Njombe na Makete kuna jambo la ziada: katika mwinuko wa mita 1,900 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko pwani. Pampu iliyopimwa Dar es Salaam hutoa dizeli ya pwani kwenye hewa ya milimani, na moshi mweusi lazima utoke. Hakuna bomba nene linaloweza kuongeza hewa ambayo haipo.

Kinyume chake, baadhi ya mafundi, baada ya kufungua ekzosi, hukaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Gari huvuta zaidi kwa wiki kadhaa. Joto la moshi nalo hupanda, na pistoni huanza kuungua vichwa. Gharama ya kufanya ovahoo haipo kwenye hesabu iliyofanywa siku ya kuchomelea bomba.

Yapo mazingira ambapo kuongeza upana wa bomba kuna maana. Gari lililobadilishiwa injini, likawekewa kubwa kuliko ya awali, huhitaji bomba linalolingana nayo. Hapo inafaa kujua kwamba hatua ndogo inatosha. Kutoka inchi 3 hadi inchi 4, nafasi ya moshi kupita huongezeka kwa karibu asilimia 78, na presha inayopotea kwenye bomba hushuka hadi chini ya theluthi. Kwenda inchi 5 ni kubeba chuma cha bure. Kona zilizokunjwa kwa mashine ni bora kuliko zile za kukata vipande na kuchomelea, ambazo huuzuia moshi kama mawe kwenye mfereji. Na fundi asitumie bomba la maji lenye rangi ya fedha: zinki iliyopakwa juu yake hutoa mvuke wenye sumu inapochomelewa, na anayeuvuta ni yeye mwenyewe.

Malori yaliyotumika Ulaya, ambayo sasa yanaonekana kwa wingi barabarani, yana habari tofauti. Hayo huja na masega, kichujio cha masizi ambacho mafundi hukiita DPF, na mfumo unaotumia maji ya AdBlue. Kichujio kikijaa, injini hukosa nguvu kabisa na kompyuta yake huibana zaidi. Kabla ya mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, mtu angeweza kusema mafuta yetu hayaviwezi vifaa hivyo. Utetezi huo umepungua nguvu. Kichujio kinachojaa mara kwa mara kwa kawaida kinashtaki injini inayokula oili au nozeli mbovu, na kukitoa ni sawa na kuvunja kengele kwa sababu inapiga kelele.

Mzigo unaovuta moshi

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa lita. Mafundi wengi, ili kupunguza gharama, hulikatisha bomba jipya katikati ya gari, chini ya bodi, badala ya kulifikisha pembeni au nyuma. Moshi hupanda kupitia nafasi za mbao na kuingia kwenye mzigo. Ndani ya moshi wa injini kuna gesi ya ethilini, ambayo ni ile ile tunda hujitengenezea lenyewe linapoiva. Viazi vinaweza kuvumilia. Ndizi za Tukuyu, parachichi na nyanya zikifunikwa turubai na kuvuta moshi huo usiku kucha zitaanza kuiva njiani, na mnunuzi wa Mabibo atazipangia bei ya mali iliyolainika. Mfanyabiashara atalilaumu jua, au atamlaumu mkulima kwamba alichuma zilizokomaa mno.

Utingo anayelala juu ya mzigo huvuta moshi huo huo. Mbali na hewa ya ukaa yenye sumu inayoweza kuua mtu usingizini, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bomba lenye urefu kamili, linalotokea nyuma ya bodi, huongeza mita chache tu za chuma.

Uvujaji nao hupuuzwa. Gasketi ya manifoldi iliyoungua au kipande chenye mikunjo kilichopasuka hutoa mlio ambao baadhi ya madereva huupenda kwa kudhani ni sauti ya nguvu. Kwenye gari lenye tabo, moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye tabo ni nguvu iliyopotea. Kwenye gari lolote lenye breki ya ekzosi, moshi unaovuja kabla ya kisahani unapunguza uwezo wa kushika, maana presha haiwezi kupanda kwenye chombo chenye tundu. Gasketi moja mpya huweza kuongeza mvuto wa kupanda na ushikaji wa kushuka kwa pamoja, jambo ambalo bomba nene haliwezi.

Mwenye gari anapokubaliana na fundi, basi, atamke mapema kwamba kisahani na silinda yake havikatwi, na kwamba kila kifaa kitakachotolewa atakabidhiwa mkononi. Kikishauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kukipata kingine kinacholingana ni kazi ya kuzunguka maduka ya spea za mtumba huku mzigo ukisubiri. Kazi ikimalizika, gari lipelekwe kwenye mteremko mfupi nje ya mji, liwekwe gia namba tatu, dereva aondoe mguu kwenye mafuta na kuvuta kijiti. Mlio wa injini unatakiwa kubadilika na kuwa mzito, na gari lipungue mwendo bila pedali kuguswa. Lisipopungua, lirudi gereji siku hiyo hiyo, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.